Samli Niliyofundishwa Kupitia Ukuta

Mwaka wa 1981, nikiwa na miaka ishirini na tano, msumeno ulinikata vidole vitatu vya mkono wa kushoto hapa Elburgon. Habari ya damu sitawaeleza, damu ni damu. Nilitoka hospitali Alhamisi, na Ijumaa msimamizi wetu wa kukata mbao akaniambia, "Baba Nekesa, hii kazi inataka mikono miwili."

Nikamwambia, "Ninayo miwili."

Akaangalia bandeji, akaangalia mlima, akasema, "Haya, mmoja na nusu."

Ndivyo kazi ya mbao iliisha. Nilikuwa na mke, Selina, na mtoto wa kike wa mwaka mmoja, Nekesa. Shule nilifika darasa la tatu, na hilo la tatu nilikuwa nikienda siku za mvua tu, kwa sababu siku za jua nilikuwa nachunga ng'ombe. Kwa hivyo nyinyi vijana mnaonijia na simu zenu mkitaka niwape samli kwa maandishi, moja, mbili, tatu, mjue mnamuuliza nani. Juzi kijana mmoja alisimama hapa mlangoni, kofia imegeuka nyuma.

"Mzee, niaje. Nimeskia wewe ndio fundi wa samli. Sasa hiyo siagi inakaa kwa moto dakika ngapi?"

"Sijui."

"Hujui aje na umefanya hii kazi miaka arobaini?"

"Saa ninayo. Lakini samli haina saa. Kaa chini usikilize."

Alifikiri namwambia akae asikilize hadithi. Nilikuwa namwambia asikilize sufuria. Lakini kwa vile alikuwa ameshakaa, alipata vyote viwili, na nyinyi pia mtapata vyote viwili.

Mwezi wa pili baada ya kukatwa, mama mkwe wangu alifika kutoka Bungoma. Alikuja na begi moja limejaa nguo zake, na gunia moja tupu. Gunia nililiona kabla sijamwona yeye, maana yeye sikutakiwa kumwona. Kwetu sisi Wabukusu, mtu na mama wa mke wake hawaangaliani. Hampeani mkono, hamkai chumba kimoja, na mkikutana njiani mmoja anaingia kwa mahindi mpaka mwingine apite. Kulala kwa nyumba ya mkwe ndiyo haisemeki kabisa. Kwa hivyo alipokelewa na jirani yetu Mama Wanjiru, mjane muuza uji, chumba cha pili.

Vyumba vyetu vya kupanga vilikuwa vya mabanzi, vile vipande vya kando vya gogo ambavyo vina magamba bado. Banzi halinyooki. Kati ya chumba changu na cha Mama Wanjiru kulikuwa na nyufa, na ubao mmoja ulikuwa na tundu pale jicho la mti lilipodondoka, kubwa kama shilingi ya zamani. Mtu akigeuka kitandani kule, huku unajua amegeukia upande gani.

Jioni hiyo ya kwanza nikamsikia mama mkwe akimwambia Selina, kwa sauti ya mtu anayejua ukuta ni wa mabanzi:

"Mwanangu, nimekuja kukuchukua. Nitakaa mpaka mahindi yangu nyumbani yafike kuvunwa. Kama wakati huo huyu mtu hajapata kitu cha kufanya na huo mkono, hili gunia ni la nguo zako na za mtoto."

Selina akasema, "Mama, anasikia."

"Ndiyo maana nasema."

Akalitundika lile gunia kwa msumari upande wake wa ukuta, karibu kabisa na lile tundu. Nikiinama kuwasha moto, jambo la kwanza naona ni kona ya gunia.

Sasa msiseme mama mkwe alikuwa mbaya. Ninao wasichana wanne, na mimi ningekuja na magunia mawili.

Selina alikuwa anakwenda kuchuma maua ya pareto kwa mashamba ya watu, anatoka alfajiri, anarudi vidole vimekauka. Mimi nilibaki nyumbani na bandeji yangu. Mama mkwe alikuwa ameleta mkebe mdogo wa samli ya kwao, na Selina akirudi anatia kijiko kimoja kwa mboga, chumba chote kinanukia kama Krismasi. Mama Wanjiru alikuwa anapiga hodi kila jioni akiuliza kama tuna chumvi. Chumvi alikuwa nayo. Alitaka kusimama karibu na sufuria.

Wakati huo ulikuwa msimu wa mvua ndefu. Mkiona lami leo mnafikiri ilikuwako. Huko juu karibu na msitu, lori la maziwa lilikuwa linakwama kwa matope siku tatu, nne, na maziwa yanaganda kwa makopo ya wakulima. Mzee mmoja anaitwa Koech nilimkuta kwa lango lake anamwagia nguruwe.

"Mzee, hayo unamwaga?"

"Nifanye nini? Niyavae?"

Nikamwomba anipe mimi badala ya nguruwe, nikarudi nyumbani nikitembea haraka. Samli inataka maziwa yaliyoganda. Matope ndiyo yalikuwa yananigandishia, bure. Hiyo akili sikufundishwa na mtu, na mpaka leo najisifu nayo. Wengine waliona matope, mimi niliona siagi.

Nikapata kibuyu kikubwa, nikakitundika kwa kamba kwenye boriti, nikaanza kukisukasuka kwa mkono wa kulia na kukipokea kwa kiganja cha kushoto. Kazi hiyo haitaki vidole. Inataka subira na mgongo. Lakini ni kazi ya kina mama, na mimi nilikuwa naifanya mlango wazi kwa sababu ya mwanga. Siku ya pili tu, Kimani, tuliyekuwa tukishika naye gogo moja, akapita na wenzake watatu.

"Haiya! Baba Nekesa, huyo unabembeleza ni mtoto wa nani?"

"Ni wako. Mama yake alisema amechoka na wewe."

Wenzake wakamcheka yeye. Lakini nilisikia uchungu, sitadanganya. Tangu siku hiyo waliniita Mama Samli, na jina hilo lilinifuata mpaka nilipopata ng'ombe wa kwanza. Ukishapata ng'ombe hakuna mtu anakumbuka jina la mzaha.

Sasa niwape makosa yangu, kwa sababu yangu ni ya zamani na yamekwisha kuiva. Hamna haja ya kupika mengine.

Kosa la kwanza ni la mtu wa Elburgon tu. Mtu wa mahali pengine hawezi kulifanya hata akitaka. Sisi hapa kuni zetu ni mabaki ya mbao, saiprasi na paini, bure kwa gunia, unaokota tu nje ya viwanda. Kila nyumba inapikia hayo. Nikapikia na samli. Moto ukawa mzuri sana, unaruka, moshi unazunguka sufuria, na mimi najiona mtu. Samli ikatoka ya dhahabu. Nikajaza mkebe wa kilo mbili, nikapanda gari mpaka Nakuru, nikaingia kwa duka la Mhindi mmoja mzee aliyekuwa akiuza vyakula karibu na soko. Akafungua, akainamisha pua. Akaniangalia. Akainamisha tena.

"Wewe iko leta samli, ama iko leta kabati?"

"Ni samli, boss."

"Hapana. Hii ni kabati. Hii mimi taweka nguo ndani."

Watu wote dukani walicheka, na mimi pia ningecheka kama ingekuwa ya mtu mwingine. Samli hunywa moshi, vijana. Inanyonya harufu kuliko kitambaa. Saiprasi na paini zina utomvu, na utomvu wote ulikuwa umeingia mle. Mimi na Elburgon nzima hatukuwa tunasikia harufu hiyo, kwa sababu tulikuwa tunaishi ndani yake. Hata uji wetu ulikuwa na kabati.

Nilirudi nikamweleza Selina polepole. Upande wa pili nikasikia mama mkwe akimwambia Nekesa, ambaye alikuwa amempakata na ambaye wakati huo neno lake lilikuwa moja tu, "maa":

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako, mtu hapiki samli na mti wa kujengea nyumba. Atafute makaa. Makaa ya mti wa muwati."

Nekesa akasema, "Maa."

Nikasema, kwa Nekesa pia, "Mwambie nyanya yako nimesikia. Nashukuru."

Na hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu. Kuingia jikoni kwangu hawezi, kuniangalia hawezi, kuniita jina hawezi. Lakini kuzungumza na mjukuu wake, nani atamkataza? Na mjukuu akilala, alizungumza na ukuta. "Ewe ukuta, mwambie anayekoroga aache kukoroga." "Ewe ukuta, hicho kibuyu kimelia vingine, siagi imekuja, mbona anaendelea kukipiga kama mwizi?" Mimi najibu, "Ukuta, mwambie nimeacha."

Muelewe vizuri jambo hili. Yeye alikuwa haoni sufuria yangu. Hakuona rangi, hakuona povu, na harufu ya chumba chetu ilikuwa ya saiprasi. Alikuwa anapika kwa masikio. Na kwa sababu mwalimu wangu alikuwa anafundisha kwa masikio, mimi nilijifunza kwa masikio. Wanawake wengi wanaojua samli kunishinda hawawezi kukueleza hivi, kwa sababu wao walisimama kando ya mama zao wakaangalia.

Sikilizeni basi. Kibuyu kwanza kinalia chwa, chwa, chwa, maji matupu. Halafu kinakuwa kizito, kinanyamaza kidogo, kama mtu anayefikiri. Halafu kinaanza kugonga, gubu, gubu. Hapo siagi imekuja, acha mara moja. Ukizidi inalainika na kurudi kwenye maziwa. Toa, osha kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe ya maji, si ya maziwa. Hapa kwetu maji baridi si shida. Shida ni upande wa pili: baridi ya Elburgon inazuia maziwa yasivunjike. Nilisukasuka asubuhi nzima siku moja, hakuna kitu. Nikasogeza kibuyu kwa moto kipate joto, kikapasuka kama bunduki, maziwa yakazima moto, mimi nikabaki nimeshika kamba.

Upande wa pili mama mkwe akasema, "Ewe ukuta, kwetu Bungoma jambo hili halijatokea." Alikuwa mwanamke mkweli. Baridi hii hakuijua, na hakujifanya anaijua.

Hiyo dawa niliipata mwenyewe. Nilichukua sanduku, nikalijaza unga wa mbao, ule wa msumeno, bure hapa kwetu, nikafukia kibuyu kipya humo jioni kikiwa kimezibwa mdomo vizuri. Asubuhi kinatoka na joto la mtu aliyelala. Mama mkwe aliposikia siagi imekuja kabla ya chai, alimwambia Nekesa, "Baba yako si mjinga wote." Nimepewa sifa nyingi maishani, na diwani mmoja aliwahi kunitaja kwa mkutano, lakini hiyo ya ukutani ndiyo niliyo nayo.

Kosa la pili: niliipua mapema. Niliona imekuwa njano safi, nikafurahi, nikamimina. Ndani kulikuwa na maji bado. Siku ya sita ikaota ukungu wa kijani na kunuka soksi. Na kosa dogo ndani ya hilo kubwa, nilifunika ikiwa moto, jasho la kifuniko likadondoka ndani. Usifunike samli ya moto. Usiichote na kijiko chenye maji. Tone moja la maji linaua mkebe mzima.

Kosa la tatu ni la kiburi. Samli ilikuwa imefika pale pa mwisho, Kimani akapita akaita, "Mama Samli, leo umekamuliwa?" Mimi huyo nje, nikamjibu maneno ambayo siyarudii hapa. Tukashikana mashati. Niliporudi, chini ya sufuria kulikuwa kweusi. Wakati wote huo mama mkwe alikuwa anapiga ukuta na mwiko, Mama Wanjiru alinieleza baadaye, anapiga na kuita, "Ukuta! Ukuta! Ukuta!" Mimi sikusikia. Nilikuwa namsikiliza Kimani.

Jioni hiyo mama mkwe hakuzungumza na mtoto wala na ukuta. Alimwambia Selina mwenyewe, "Nimeota mahindi yangu yamekauka. Wiki ijayo tunasafiri."

Selina alikaa kitandani. Sikumuuliza kama angeenda. Mtu ambaye anarudi kutoka pareto na vidole vinavyotoka damu humuulizi swali kama hilo. Aliniangalia tu, akasema, "Baba Nekesa, si uipike tena moja."

Mvua ilikuwa inaisha. Lori lilikuwa limeanza kupita, na Koech aliniambia, "Haya ni ya mwisho. Kesho yanaenda na lori." Nikabeba makopo mawili mgongoni. Nikafukia kibuyu kwa unga wa mbao. Asubuhi Selina akaenda pareto, nikafunga mlango ili Kimani apite na upepo, nikasukasuka. Chwa, chwa. Kizito. Gubu. Nikatoa siagi, nikaosha mara nne. Nikawasha makaa ya muwati, nikangoja moshi uishe wote, nikaweka sufuria.

Nikasema, "Ukuta, nimeanza."

Kimya.

Nilifikiri ametoka. Nikaangalia kwa tundu, nikaona kona ya gunia, basi. Nikasema tena, "Ukuta, nimeanza. Moto ni mdogo." Kimya kabisa, hata Nekesa.

Nikajua amenitupa. Nikaiangalia mikono yangu, yote mmoja na nusu. Nikafanya kitu pekee kilichobaki, nikakaa chini na kusikiliza.

Sufuria kwanza inalia kama mvua kubwa kwenye mabati. Hiyo ni maji yanayotoka, usiguse kitu, usifunike, acha inyeshe. Mvua ikakaa. Ikakaa sana. Halafu ikaanza kupungua, ikawa matone, ta, ta, tata, kama mtu anakanyaga majani makavu. Povu la kwanza likashuka. Hapo ndipo niliipua ile ya soksi. Mkono wangu ulitaka kuipua, niliukalia. Nilikalia mkono wangu wa kulia kama mtoto wa shule. Majani makavu yakapungua, mtu akaenda mbali, akaenda mbali zaidi, halafu sufuria ikanyamaza. Kimya cha sufuria si kimya kabisa. Ni kama mtu aliyelala vizuri. Na mara, polepole, povu la pili likapanda, jeupe, dogodogo, laini, bila kelele yoyote. Harufu ikatoka, ya njugu zilizokaangwa.

Nikaipua.

Hakuna aliyeniambia ipua. Niliipua mimi.

Na hapo hapo ukutani nikasikia mtu anashusha pumzi, ndefu, kama aliyekuwa chini ya maji. Mama Wanjiru akapasuka kicheko: "Baba Nekesa! Huyu mama amekaa hapa tangu asubuhi, ameshikilia leso mdomoni, mtoto amempa titi la mpira anyamaze. Nimemwambia atakufa!"

Mama mkwe akamnyamazisha. Kisha akasema, "Ukuta, mwambie asifunike."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka. Yale makoko ya kahawia yaliyobaki chini ya sufuria nikayatuma kwa sahani kwa Mama Wanjiru, wakala na ugali, watu wawili na mtoto mmoja. Msitupe makoko, hiyo ndiyo nyama ya fundi.

Kesho yake nikashuka Nakuru. Mzee wa duka akafungua mkebe, akaona imeganda chengachenga kama sukari, maana asubuhi ya huku juu ilikuwa baridi. Akachukua kidogo kwa kidole, akapaka nyuma ya mkono, akasugua, akanusa. Akanusa muda mrefu sana. Nilikuwa nimejiandaa kwa meza, kiti, hata mlango.

Akasema, "Wewe rudi Jumanne. Leta ingine kama hii."

Mimi si mtu wa kukimbia barabarani, lakini siku hiyo nilikimbia kutoka sokoni mpaka stendi bila sababu. Gari halikuwa limejaa hata.

Nyumbani niliwaambia kwa sauti ya kawaida, nikiangalia moto. Selina akaketi chini pale pale mlangoni na kapu lake. Asubuhi nilisikia begi linafungwa, nikasikia mama mkwe anamuaga Mama Wanjiru, na nikainama kuwasha makaa. Kwenye tundu kona ya gunia haikuweko.

Nikasimama. Moyo wangu ulikuwa unagonga kama kibuyu.

Mlango wetu ukafunguka kidogo, mkono wa mwanamke ukaingia, uso umegeukia nje, ukarusha gunia sakafuni.

"Selina, mwambie baba ya mtoto hilo gunia ni la makaa. Asipike tena na saiprasi."

Akaenda kupanda gari na begi lake moja. Selina alimsindikiza na akarudi. Narudia kwa vile mpaka leo neno hilo linanipumzisha: akarudi.

Baada ya hapo ni kazi tu. Koech aliniuzia maziwa, kisha akanipa kondoo, nikauza nikaongeza, nikapata ndama, na sikungoja tena lori likwame, maziwa nikayapata kwa zizi langu. Kibuyu nilikiacha nilipopata mashine ya kuzungusha inayotenga malai, ile krimu ya juu ya maziwa. Msiniambie ya zamani ni bora, mgongo wangu unajua. Makaa nikabadilisha na gesi, haina moshi, ni kitu kizuri sana. Lakini gesi inalia yenyewe, shsh, inaficha sauti ya sufuria, kwa hivyo ikifika mwisho punguza moto uinamishe sikio. Siku hizi kuna watu Nakuru wanachanganya mafuta ya kupikia na rangi na kuandika samli. Iache nje usiku wa baridi. Ya kweli inaganda chengachenga. Ya uongo inalala laini kama mshumaa.

Na ile miaka ya barakoa, nilipougua, pua ilikufa miezi mitano. Sikusikia hata harufu ya kitunguu. Watoto walisema, "Baba, sasa pumzika, fundi wa samli bila pua ni nini?" Niliwaambia wanyamaze, wananizuia kusikia. Sikuharibu hata mkebe mmoja.

Mama mkwe niliendelea kuzungumza naye kupitia watoto, kuta, na baadaye simu ya Selina. "Simu, mwambie..." Kwetu kuna njia ya kuondoa hiyo aibu, mkwe akiwa na uwezo anapeleka mbuzi na blanketi. Nilivipeleka wakati Selina mwenyewe alikuwa ameshakuwa nyanya. Mama mkwe alikaa kwenye kiti nje ya nyumba yake Bungoma, na kwa mara ya kwanza nikamwona uso. Ulikuwa mdogo kuliko sauti. Nikampa mkono wa kulia kwa heshima, kama inavyotakiwa.

Akatikisa kichwa. "Siyo huo. Lete ule."

Nikampa wa kushoto. Akashika vile vidole viwili vilivyobaki, akavishika muda mrefu, akisikiliza.

Nilistaafu mwaka jana. Nekesa ndiye anayepika sasa, na binti zake wawili. Leo nina ekari mbili na nusu hapa Elburgon, zina hati. Nyumba ya mawe, vyumba vinne, mabati mapya. Ng'ombe wa maziwa wanne na mtamba mmoja. Mashine ya malai, mbili, moja mbovu. Sufuria saba. Ubao mmoja wa banzi wenye tundu, niliong'oa vile vyumba vilipobomolewa. Mbwa. Pikipiki ambayo siendeshi. Na mke mmoja, yule yule.